Kipimajoto cha chupa ya siro

Tafuta chupa ya kioo ya siro ya kikohozi, ile ya mililita 60, na kifuniko chake. Ya plastiki iache: ukiishika inabonyea, alkoli inapanda wala joto halijabadilika. Ongeza mrija wa kunywea unaoonyesha ndani, sentimita 20, alkoli ya asilimia 70 ya farmasi, matone mawili ya eozini (dawa nyekundu ya vidonda), mshumaa na sirinji.

Anza na kifuniko, alkoli ikiwa bado imefungwa, tena mbali. Pasha msumari moto, toboa tundu linalobana mrija, ingiza mrija sentimita 4, dondoshea nta juu na chini. Ikipoa, funga kifuniko kwenye chupa tupu, zamisha chupa na kifuniko majini, upulize mrijani. Mapovu yakitoka, ongeza nta. Usiruke hatua hii. Vingi huharibikia hapa.

Zima mshumaa. Changanya eozini na alkoli, jaza chupa hadi mdomoni, igongegonge, kisha funga. Alkoli itapanda yenyewe mrijani. Kwa sirinji ongeza au punguza mpaka isimame sentimita 7 juu ya kifuniko. Ukiona povu la hewa kwenye bega la chupa, fungua ujaze upya. Hewa hutanuka zaidi ya mara tatu ya alkoli, kwa hiyo povu dogo tu linatosha kudanganya.

Na kwa nini si maji? Maji hujikunja hadi nyuzi 4, yakizidi kupoa yanatanuka tena, hivyo 0 na 8 huangukia karibu alama moja. Halafu, toka nyuzi 0 hadi 38, alkoli kwenye chupa hii hupanda kama sentimita 10; maji, karibu 2 tu.

Kwa alama ya 0, zamisha chupa kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, dakika 15, hadi mstari utulie. Kwa alama ya 38, tumia maji ya vuguvugu uliyoyapima kwa kipimajoto cha farmasi. Katikati gawa sawa kwa rula.

Ukiitumbukiza kwenye vuguvugu, tazama: mstari mwekundu unashuka kidogo kwanza, ndipo unapanda. Hujakosea. Kioo kimepata joto kabla ya alkoli, chupa ikapanuka.

Maji yanayochemka usiyaguse. Hapa Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo alama ya "100" ingekuwa uongo. Tena alkoli huchemka kabla ya 80: itaruka nje ya mrija, na mbabula (jiko la makaa) ikiwa karibu, itawaka.

Wapo wanaoshauri tone la mafuta juu ili alkoli isikauke. Alkoli ya 70 ni nyepesi kuliko mafuta, tone litazama. Funika mdomo wa mrija kwa kipande cha plastiki kilichotobolewa kwa sindano. Ukiuziba kabisa, hewa iliyofungiwa itaizuia alkoli kupanda. Baada ya wiki, rudisha chupa kwenye barafu, na mstari ukiwa chini ya 0, ongeza alkoli kwa sirinji.