Kusakinisha na kuondoa programu Ubuntu kwa terminali: soma kabla hujabonyeza Enter

Habari wakuu. Leo ni apt, amri ya kusakinisha na kuondoa programu, inayokuja na Ubuntu, Debian na Linux Mint. Vifurushi nitakavyotaja humu si vya bando. Ni programu zilizofungwa pamoja na mafaili yake, tayari kusakinishwa. Mfano wetu ni VLC, programu ya kucheza video na muziki.

Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwa Ctrl+Alt+T, uandike:

sudo apt update

Hiyo sudo inaendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine, ndiyo maana itakuomba nywila. Ukiiandika, huenda usione hata nukta moja. Kibodi haijafa, malizia tu ubonyeze Enter. Jina la amri hii linapoteza wengi: haisasishi programu yoyote, inachukua orodha mpya ya vifurushi vilivyoko kwenye seva. Kusasisha kwenyewe ni sudo apt upgrade, na hiyo ndiyo inayokula bando.

Kama hujui jina kamili la kifurushi, apt search vlc. Ukishalijua:

sudo apt install vlc

Itakutajia vitegemezi, yaani vifurushi ambavyo VLC haiendi bila hivyo, na MB za kupakua. Kisha inauliza Y au n. Ile Y ni kubwa kwa sababu ndiyo jibu lililowekwa tayari: ukibonyeza Enter tupu, umekubali.

Kuondoa:

sudo apt remove vlc

Remove huacha mipangilio ya mfumo iliyoko /etc. Ukitaka nayo iondoke, weka purge badala ya remove. Vitegemezi vilivyobaki yatima vinaondolewa na sudo apt autoremove.

Kwenye kuondoa ndipo nilipoungua. Nilifuta python3, lugha ambayo programu nyingi za Ubuntu zinaitegemea, nikidhani siihitaji. Orodha ya vitakavyoondoka ilijaza skrini, na ndani yake mlikuwa na ubuntu-desktop (kifurushi cha eneokazi lote) na gnome-terminal (terminali yenyewe). Sikuisoma, nikapiga Enter. Nilipowasha tena, skrini nyeusi tupu inaniomba jina na nywila. Nikachomeka waya wa ruta, nikapiga sudo apt install ubuntu-desktop, nikakaa kuisubiri. Vingine vilivyopotea nilivikuta vimeandikwa kwenye /var/log/apt/history.log, nikavirudisha kimoja kimoja.

Siku hizi naanza na apt -s remove. Hiyo -s inaigiza tu: unaona kila kitakachoondoka, na hakiguswi kitu.

MASWALI

Mkuu, inanigomea, inasema "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend". Nilifute hilo faili?

Usilifute. Kuna kazi nyingine ya vifurushi inaendelea, mara nyingi masasisho yanayojiendesha mashine inapowaka. Subiri dakika kadhaa. Ila kama umeme ulikatika ukiwa katikati ya kusakinisha, washa upya kisha sudo dpkg --configure -a, inayomalizia vifurushi vilivyoachwa nusu (dpkg ni chombo ambacho apt hukitumia kusakinisha).

Nimeletewa faili la .deb kwenye flashi, naanzaje?

Ingia kwenye folda yake kwa cd, kisha sudo apt install ./jina.deb. Hiyo ./ usiisahau, la sivyo apt italitafuta kwenye orodha yake. Wapo wanaotumia dpkg -i. Inafanya kazi, ila haikutafutii vitegemezi.

Nimepiga purge VLC, nikaisakinisha upya, mipangilio yangu ya zamani iko vile vile. Imekuwaje?

Apt haigusi folda yako ya nyumbani. Funga VLC, kisha rm -r ~/.config/vlc. Hakiki njia hiyo herufi kwa herufi, maana rm -r haiulizi Y wala n.