SOMO: Kulinganisha antena ya waya mrefu na redio ya masafa mafupi (transfoma ya 9:1)

Kila wiki napata ujumbe uleule: "Nimetundika waya mita 20, mbona redio haishiki?" Naandika mara moja hapa, wa kesho nitamwelekeza huku.

Waya unaoungwa na redio kwenye ncha yake una impidansi (ukinzani kwa mawimbi ya redio) kubwa, mara nyingi mamia ya omu, na hubadilika kila ukihama masafa. Redio ya mezani au SDR (redio inayotumia programu ya kompyuta) inataka omu 50. Chukua 450 kwa mfano: asilimia 64 ya nguvu iliyonaswa inarudi ilikotoka. Transfoma ya 9:1 ndiyo inayowapatanisha.

Hatua ya 1. Tafuta pete ya feraiti, FT114-43 inatosha. Ile ya njano na nyeupe ya pawa saplai ya kompyuta iache.

Hatua ya 2. Kata nyaya tatu za kusukia mota, sentimita 40 kila mmoja.

Hatua ya 3. Zilaze sambamba, zungusha zote pamoja raundi 9. Kila zikipita tunduni, hiyo ni raundi moja.

Hatua ya 4. Hapa soma mara mbili. Nyaya ziite A, B, C. Mwanzo wa A ni ethi, pamoja na wavu wa koaksio (kebo ya kwenda redioni). Mwisho wa A unaungwa na mwanzo wa B, na hapo ndipo unapounga waya wa kati wa koaksio. Mwisho wa B na mwanzo wa C. Mwisho wa C ni antena.
Ya kwanza niliyosuka, nyaya zote zilikuwa rangi moja, nikageuza ncha za C. Nilipanda mwembe mara mbili nikidhani antena imekatika. Kumbe A na B zinasukuma, C inavuta nyuma: 1+1−1 ni 1, kwa hiyo nilikuwa na transfoma ya 1:1. Testa haikuniambia kitu, maana waya uliogeuzwa nao unapitisha umeme vilevile. Paka mianzo rangi ya kucha KABLA ya kuzungusha, tambua kila waya kwa testa, kisha kwangua ncha mpaka kopa ing'ae ndipo uchomee risasi.

Hatua ya 5. Tia kwenye kopo la plastiki, liweke nje chini ya antena, fimbo ya ethi hapohapo. Ndani iingie koaksio tu.

Wingu likitanda, chomoa. Transfoma haizuii radi.

MASWALI

— Nimefanya yote, haishiki. Msaada.
— Redio gani? Hatua ya 4 umeungaje? Weka picha.
— Ya mkononi, nimebana kwenye antena ya kuvuta.
— Nimeandika "ya mezani au SDR". Antena ya kuvuta inaingia kwenye impidansi kubwa, si omu 50. Toa transfoma, bana waya mtupu wa mita 5.

— Samahani mwalimu, raundi ni mara 3, hiyo 9 ya "9:1" inatoka wapi?
— Umeuliza la maana, dada. Kuelekea redioni volti inapungua mara 3, na kwa kuwa nguvu ni ileile, mkondo unaongezeka mara 3. Impidansi ni volti gawanya kwa mkondo, kwa hiyo inashuka mara 9. Ukitaka 4:1, raundi ziwe mara 2.

— Nina kebo ya dishi, omu 75. Nitupe?
— Usitupe. Kinachorudi ni asilimia 4 tu. Mimi natumia hiyohiyo.

— Naweza kurushia?
— Hapana. Somo ni la kupokea. Kurusha kuna leseni yake na pete kubwa zaidi.

— Mkuu, yangu inashika ila ikifika saa moja jioni inavuma zzzz.
— Zima meni swichi, washa redio kwa betri. Uvumi ukikatika, ni taa au chaja zako. Rudisha kimoja kimoja umpate. Kisha suka upya: raundi 3 za redio, raundi 9 za antena, zisigusane popote, na wavu wa koaksio usiungwe na ethi ya antena, ili uvumi wa nyumba usipitie humo kwenda antenani. Kwangu bendi ya mita 49 ilifunguka hapo. Kwa masafa haya, kuikimbiza antena mbali na uvumi wa nyumba kunasaidia kuliko hata kulinganisha omu.

— Wangu niliufunga kwenye mnazi, kusi imeukata.
— Usiukaze. Funga kamba mwisho wa waya, ipitishe kwenye kapi, ning'iniza chupa ya mchanga. Mti ukiyumba chupa inapanda na kushuka.
— Chupa ya ukubwa gani?
— Ya lita moja. Na kamba iwe ya nailoni, katani inaoza.