Kufufua trakta ya zamani ya bustani, ile ya umeme: batri inunuliwe ya mwisho

Kama uko na trakta ndogo ya umeme, ile ya kukata majani na kuvuta ka remoriki, imelala nyuma ya nyumba miaka mingi, matairi zimebonyea na kuku zinalalia ku kiti, tafazali usikimbilie kununua batri. Hapa Lubumbashi batu bengi banaanzia paka pale, banatoa dolari mingi kwa batri sita mupya, banageuza ufunguo na mashini inanyamaza vile vile, juu ugonjwa ulikuwa ku kontakteri (ile switch kubwa inayopitishia motere umeme) ama ku waya. Azima batri kwanza, uhakikishe vingine vyote vinatembea, kisha njo ufungue mufuko.

Mashini zenyewe haziko za ajabu. Zile za zamani, mfano Elec-Trak ambayo General Electric ilianza kutoa Marekani mu 1969, nyingi ni volt 36, yaani batri sita za volt 6 zinafuatana, plus ya moja ku moins ya ingine. Ndani ni motere ya sharboni (vipande vya kaboni vinavyosugua na kupeleka umeme ndani ya motere), kontakteri, fizible na switch za usalama. Vigari vya golf vya zamani viko karibu vile vile, na klark za umeme za ku depo (mashini za kunyanyua mizigo) pia, kwa hiyo umutafute fundi wa klark mbele ya kumuita mekanisie wa gari.

Toa pete na saa ku mukono, vaa miwani na magan, fungua waya ya moins kwanza. Ule unga mweupe na wa kijani ku vichwa vya batri uoshe na bikarbonate mu maji, lakini vifuniko vifungwe sawasawa, bikarbonate isiingie ndani. Kisha pima. Batri ya volt 6 yenye imejaa na kupumzika inasoma karibu 6.3, ikisoma kama 4 hata baada ya kuicharge, selule moja (chumba kimoja cha ndani ya batri) imekufa, hiyo iache tu. Yenye iko katikati unaweza kuijaribu: kama plaki (yale mabati ya risasi ya ndani) zinaonekana zimekauka, weka maji distillé ya kuzifunika tu, charge, halafu njo umalizie kujaza, juu maji inapanda wakati wa charge na ukiijaza mbele itamwaga asidi chini. Maji ya robine hapana, na asidi ya kuongeza pia hapana. Ufanyie yote inje kwenye upepo, batri inayocharge inatoa gazi ya kulipuka, kwa hiyo hakuna sigara na mbabula ikae mbali.

Sasa azima batri tatu za volt 12, hata za gari, zifuatanishe upate 36. Nyanyua magurudumu ya nyuma yasiguse chini, uweke mbao ngumu chini ya shasi, na usisahau fizible ku waya kubwa. Geuza ufunguo, kanyaga. Kama hausikii hata "tak", mara nyingi ni switch ya chini ya kiti ama ile ya frein, kutu imezikamata, na hizo ni bei ya chini. Kama unasikia "tak" lakini motere hailii, hapo tunaingia mu kazi yenyewe.

Watu wanapima volt ku batri, wanaona 38, wanasema umeme uko. Uko ku batri, lakini unafika? Weka multimetre ku volt, ncha moja ku kichwa cha batri, ingine ku kosi (kile chuma cha ku mwisho wa waya) ya waya ileile, kisha mutu akanyage. Jointi nzima itakuonyesha karibu sifuri. Ikionyesha nusu volt, umeme unapotea pale, unageuka joto. Endelea hivyo jointi kwa jointi, na ndani ya kontakteri pia, kutoka nati moja mupaka ingine. Sehemu za kugusana zikiwa zimeungua kidogo utazisawazisha na lima ndogo, lakini zikiwa zimetoboka badilisha. Waya pia inadanganya: inje ni nzuri, ukichuna plastiki unakuta shaba imekuwa ya kijani mupaka mbali, hiyo kata yote.

Sharboni uzitoe moja moja, uangalie spring bado inasukuma. Komutateri (ile duara ya shaba yenye sharboni zinaigusa) safisha na papier de verre laini, toile émeri hapana, vumbi yake inapitisha umeme. Kisha kwangua mifereji katikati ya vipande vya shaba. Kama hakuna sharboni za saizi, nunua za klark zenye ni kubwa kidogo uzisugue mupaka ziingie. Za demareri ya gari ni rahisi kupata lakini ziko na shaba mingi, kwa motere ya volt 36 zitakula komutateri, mi singeweka. Na kitu kimoja cha hatari: motere yenye iko na vichwa vinne, A1, A2, F1, F2, (A ni ya sehemu inayozunguka, F ni ya sumaku ya pembeni), usiipe umeme ku A peke yake kwa kujaribu. Bila F inaweza kukimbia mupaka ipasuke.

Ikizunguka vizuri, njo unaenda kutafuta batri. Bei ikibana, tatu za volt 12 za solar zinatosha kwa parseli ya kawaida, za gari hapana, hazipendi kumalizwa kila siku. Zote ziwe za aina moja na umri moja, ukichanganya mupya na nzee ile nzee itavuta zote. Sharjeri ya 36 ikikosekana, charge kila moja peke yake na ya volt 12, usiku kurant ikirudi.

Siku ya kwanza kata majani dakika kumi tu, zima, toa ufunguo, pitisha mukono karibu na kila kosi. Yenye inachoma ifungue, ikwangue, uifunge tena.