Gesi imeisha na mkaa umelowa? Tumia jua

Masika yakifunga njia, maji ya kunywa unaweza kuyatibu juu ya bati. Jaza chupa za plastiki angavu za lita 1.5, bandua lebo, zilaze juani kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Mionzi ikisaidiana na joto huua vijidudu vya kuhara. Kukiwa na mawingu, ziache siku 2. Maji ya tope hayafai, mionzi haipenyi: yaache yatuame, chuja kwa kanga, kisha simamisha chupa juu ya gazeti uchungulie kutoka mdomoni. Kama kichwa cha habari hakisomeki, rudia. Chumvi ya kisima na mafuta ya gereji haviondoki kabisa. Mvua ya kutwa nzima, hapo tafuta kuni uchemshe tu.