Kombamwiko wa kulisha buibui: ninavyowachagua na kuwatunza hapa Malindi

Buibui wa kwanza niliyekabidhiwa kumtunza nilimuua mwenyewe, kwa kombamwiko mmoja.

Nilikuwa nikifanya kazi katika bustani ya nyoka, na pamoja na nyoka kulikuwa na tarantula, yaani buibui mkubwa mwenye manyoya, wa kwetu Afrika Mashariki, yule ambaye wataalamu humwita Pterinochilus murinus. Alikuwa jike la rangi ya chungwa lililoiva, mgongoni mwa tumbo ana michirizi kama mifupa ya samaki. Jioni moja sanduku la chakula lilikuwa tupu. Nikamkamata kombamwiko nyuma ya friji ya jikoni, mnene, anajikokota. Kule kujikokota kwake ndiko kulikopaswa kunishtua, maana kombamwiko mzima hakamatiki kwa mkono mtupu. Wiki hiyo jikoni palikuwa pamepulizwa dawa, nami nilikuwa na habari.

Buibui alimrukia, akamla, akabakiza kidonge kidogo cha mabawa na magamba. Kesho yake miguu ya mbele ikaanza kumtetemeka. Akawa anapepesuka, anagonga kioo, anageuka, anagonga tena. Siku ya tatu nilimkuta amekunja miguu yote chini ya kifua, na buibui akikunja miguu hivyo basi amekwisha. Jike la tarantula likitunzwa huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Yule nilikaa naye miezi mitano.

Kwa hiyo neno la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza ni hili: usimlishe buibui wako mende uliyemkamata nyumbani, chooni wala dukani. Hujui amepita wapi. Huenda amelamba dawa ya kupuliza, au amepita juu ya mstari wa ile chaki ya kuulia wadudu, na sumu iliyomlegeza yeye inatosha kummaliza aliyemla. Wako wanaoniambia, mimi natumia dawa ya pareto tu, ni ya asili. Pareto ni ya asili kweli, lakini kazi yake ni kuua wadudu, na mishipa ya fahamu ya buibui haitofautishi dawa ya shambani na ya kiwandani.

Jambo jingine kabla hatujafika kwenye masanduku. Buibui wa porini, akiwemo huyu wetu, ni wanyamapori kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2013. Nenda ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ukaulize kibali kabla hujamchimbua yeyote shimoni mwake, na msitu wa Arabuko-Sokoke usiuguse kabisa.

Sasa kombamwiko gani? Ukisoma wanavyoandika wafugaji wa Ulaya na Marekani, utaona wanamsifu zaidi dubia, Blaptica dubia, ambaye kwao ni Amerika Kusini. Sifa zake ni za kweli: hawezi kupanda plastiki laini wala kioo, jike lake lina vijibawa visivyoruka, na huzaa watoto badala ya kuacha mayai ovyo. Lakini kumwingiza nchini mdudu wa kigeni kunahitaji kibali, na mimi sioni haja ya kumtoa mbali hivyo wakati tunaye wetu. Huyu ni Nauphoeta cinerea, mwenye asili ya upande huu wa Afrika. Ni wa kijivu, aliyekomaa hufikia sentimita mbili na nusu hivi, na kwenye ngao ya shingoni ana alama ambayo wazungu waliiona inafanana na kamba wa baharini, wakampa jina hilo. Naye huzaa watoto hai, 30 hivi kwa mkupuo mmoja, nao hukomaa kwa takriban miezi mitatu joto likiwa zuri. Kasoro yake ni moja: anapanda kioo kama anatembea sakafuni. Nitakuonyesha dawa ya hilo.

Yule mwekundu mkubwa wa kwenye mashimo ya maji machafu, anayeruka usiku akakutua usoni, mwache. Jina lake la kitaalamu lina neno americana, ingawa asili yake ni Afrika hii hii. Ni mwepesi mno, huacha vifuko vya mayai kila upenyo, na akikutoroka wawili watatu umeshawapa majirani zako mzigo.

Mbegu ya kuanzia nilipata kwa mwenzangu wa Mombasa aliyewazalisha vizazi kadhaa. Kama huna mtu kama huyo, unaweza kuanza na wa ghalani pasipopulizwa dawa, ila wale wazazi wasiliwe. Subiri wazae ndani ya sanduku lako, wakuze watoto, na hao watoto ndio chakula. Nilianza na 30, majike 20 na madume 10. Kuwatambua si kazi: mgeuze aliyekomaa chali, utazame ncha ya tumbo. Jike lina kipande cha mwisho kipana, kizima. Dume ni chembamba. Halafu jizuie. Miezi minne ya kwanza usitoe hata mmoja. Wengi huvunja kundi lao hapa, kwa sababu wanaona sanduku linatambaa wanadhani wameshakuwa na wengi, kumbe wanakula mbegu.

Sanduku langu ni la plastiki nyeusi lenye mfuniko, la ukubwa wa kuhifadhia nguo za mtoto. Jeusi kwa sababu kombamwiko wanaokaa gizani hula na kuzaa kwa utulivu. Kwenye mfuniko nimekata tundu la ukubwa wa daftari na kushonea wavu wa chuma kwa waya mwembamba. Usitumie chandarua wala wavu wa plastiki, wanautafuna. Ndani nasimamisha trei za mayai za karatasi, wima, zisilale, ili kinyesi kidondoke chini kisijae mikunjoni. Na ile dawa ya wapandaji ni mafuta mazito ya kujipaka, yale ya jeli. Napaka ukingo wa juu kwa ndani, mkanda wa upana wa vidole vinne, mwembamba tu. Wakifika hapo miguu inateleza. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, mafuta hulainika na kutiririka, kwa hiyo napaka upya kila wiki. Miezi mingine mara moja kwa wiki mbili inatosha.

Joto ndilo jambo ambalo sisi wa pwani tumepewa bure. Hawa wanataka nyuzi 25 hadi 32, na Malindi ndiyo hiyo. Mtu wa Nairobi mwezi wa Julai atahitaji balbu au kitu cha kupashia joto. Mimi naweka banda la makuti lenye kivuli na upepo, basi. Wakati wa kusi, joto likishuka, kuzaana kunapungua kidogo, na hapo napunguza kuwatoa. Kinachonisumbua ni unyevu. Masika ikianza trei huota ukungu, na sanduku lenye unyevu hunuka mkojo na kuingiwa na utitiri, vidudu vidogo kama vumbi linalotembea. Ukiona vumbi linatembea, hamisha wote kwenye sanduku kavu siku hiyo hiyo, tupa trei zote.

Chakula chao ni pumba za mahindi kutoka kinuni. Hapa nilijifunza kuuliza swali moja kabla ya kununua: haya mahindi yalitiwa dawa ya kuhifadhia? Wakulima wengi huchanganya mahindi na unga wa kuzuia dumuzi, na pumba ndilo ganda la nje, mahali hasa dawa ilipokaa. Siku hizi nachukua kwa mzee mmoja anayesaga mahindi yake mapya, aliyoyavuna mwenyewe. Juu ya pumba natia vipande vya malenge au karoti iliyomenywa, na ganda la embe msimu wake ukifika. Sukuma wiki ya sokoni siwapi, imepulizwa mno. Dagaa wa kusaga nawapa kijiko kimoja kwa wiki, wasizidishiwe.

Na machicha ya nazi. Siku nyumbani wakipika wali wa nazi, natenga machicha konzi moja. Sijaona kitu wanachokipenda kama hicho: unaweka kisahani, unafunika, ukitega sikio unasikia kama mvua ndogo juu ya makuti. Lakini asubuhi yatolewe yote. Machicha huchacha haraka kwa joto letu, na ukungu wake huenea hadi kwenye trei.

Maji usiweke bakulini, watoto watazama. Lowesha pamba, iweke kwenye kifuniko cha chupa, uibadilishe kila baada ya siku mbili.

Sisimizi wakigundua sanduku watalimaliza kwa usiku mmoja, wakianza na watoto. Miguu ya meza yangu imesimama ndani ya mikebe yenye maji na tone la mafuta ya kupikia. Usiwazuie kwa chaki wala poda, tumeshayasema.

Mwanzoni sanduku lilikaa chumbani. Bibi yangu, mama wa mama, alikuja kulala kwetu, akaniambia, “Mjukuu wangu, watu wafukuza kombamwiko, wewe wawafuga?” Nikadhani ni kinyaa tu. Usiku wa pili kifua kikambana, na bibi ana pumu. Kinyesi na magamba ya kombamwiko yakikauka huwa vumbi, na vumbi hilo ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana sana kuamsha pumu. Nilihamisha sanduku kesho yake. Tafadhali, kama nyumbani kuna mtoto au mzee mwenye pumu, wafugie nje, na wewe mwenyewe ukisafisha vaa barakoa. Kile kinyesi kikavu nakitia kwenye mipapai.

Bibi huyo huyo ndiye aliyeniita siku moja bandani, kwa hofu: “Njoo, kuna mmoja kafa, kawa mweupe.” Alikuwa hajafa. Kombamwiko akishajivua gamba hutoka mweupe pe, kama maziwa, macho tu ndiyo meusi, mwili laini ukiugusa unabonyea. Baada ya saa chache anarudi rangi yake. Hao weupe ndio nawatafuta kwa ajili ya buibui wachanga, kwa sababu meno yao bado hayana nguvu za kutoboa gamba gumu.

Siku moja au mbili kabla ya kulisha, nawatenga niliowachagua na kuwapa karoti tele. Kilicho tumboni mwao ndicho atakachokula buibui. Kipimo changu: kombamwiko asizidi urefu wa tumbo la buibui. Mtoto wa buibui nampa kipande kilichokatwa, anakuja kukinyonya hivyo hivyo. Mkubwa anatosheka na mmoja kila siku 7 hadi 10. Ukimjaza, tumbo linakuwa kama zabibu iliyovimba, na akianguka kutoka juu linaweza kupasuka. Naponda kichwa cha kombamwiko kwa kibanio kwanza, vinginevyo wetu huyu hupanda kioo na kujificha nyuma ya gome. Tumia kibanio kirefu, vidole vikae mbali. Tarantula wa Afrika hawana zile nywele za kuwasha walizonazo wengi wa Amerika. Silaha yao ni kuuma, na kunauma sana.

Asipomla hadi kesho yake, mtoe. Sharti hili silivunji, kwa sababu buibui anayekataa chakula mara nyingi anakaribia kujivua. Tumbo huweza kuwa jeusi na kung’aa, anaziba mlango wake kwa utando, kisha analala chali. Wageni hudhani amekufa wanataka kumgeuza, usimguse. Saa zile hana nguvu hata ya kumfukuza sisimizi, na kombamwiko aliyeachwa ndani mwenye njaa atamtafuna akiwa hai.

Akishatoka kwenye gamba la zamani, mpe maji tu. Mkague meno kwa tochi, bila kumsumbua: mwanzo ni meupe, yanakuwa mekundu, halafu meusi kabisa. Kwa mkubwa huchukua wiki moja hadi mbili. Yakiwa meusi, chagua kombamwiko mdogo kuliko wa kawaida, wa kike kama unaye asiye na mimba, mponde kichwa, umweke mlangoni pa utando jua likishazama.