Kuingiza sauti ya Kihispania kwenye anime: pima mdomo kwanza

Sauti nzuri haitakupa kazi. Hapa Jiji la Mexico, zinakorekodiwa sauti za anime nyingi (katuni za Kijapani) kwa ajili ya Amerika ya Kilatini, kila anayebisha hodi studio ana sauti nzuri. Kinachotafutwa ni mwigizaji. Hatua ya kwanza, basi: jifunze kuigiza, na ukipata jukwaa usilikimbie.

Hatua ya pili, safisha Kihispania chako. Mtazamaji wa Lima na wa Bogotá wakuelewe sawasawa, hivyo maneno ya mtaani ya kuitana, "güey" ya Wameksiko na "che" ya Waargentina, yaache mlangoni. Hispania wana mambo yao. Huko hata Kamehameha, pigo la nguvu la Goku, shujaa wa Dragon Ball, iligeuka "onda vital", yaani wimbi la uhai. Mexico waliiacha ilivyo, na mimi nasema walifanya vyema.

Hatua ya tatu ndiyo inayowakwamisha wengi: kupima mdomo. Tuseme mhusika anapiga kelele "Yamero!", Kijapani cha acha! Mtazame kwanza bila sauti. Mdomo unafunguka mara tatu, na midomo inagusana kwenye "me". Ukisema "¡No lo hagas!" maana imefika, ila silabi ni nne, mwenzako kashafumba mdomo, wewe bado unaongea. "¡Detente!" inaenea, lakini midomo haigusani. Jaribu "¡Ya basta!". Silabi tatu, na "b" inaangukia palepale penye "m". Picha ikiwa ya mbali usijitese hivyo, kwani midomo ya katuni hufunguka na kufumba tu. Uso ukijaa skrini, hapo hesabu kila kitu.

Nne, mihemo: kupigwa ngumi, kukimbia, kukabwa koo. Mara nyingi unarekodi peke yako, hakuna wa kukupiga. Jikunje, ruka, ila stendi ya maikrofoni usiiguse, na koti la nailoni livue. Linasikika.

Tano, makelele yawe mwisho. Siku zangu za mwanzo nilianza asubuhi na ukelele wa pambano. Mchana nikawa nanong'ona, na kurasa bado zimejaa. Siku hizi namwomba mwongozaji mapema makelele yawekwe mwisho.

Kwa akina dada: nafasi za wavulana msizikatae. Laura Torres alikuwa Goku mtoto. Goku alipokua akachukuliwa na Mario Castañeda, naye Torres akahamia kwa Gohan mdogo, mwana wa Goku. Mvulana halisi akibalehe katikati ya mfululizo, sauti inakuwa nzito na studio inatafuta mwingine.