Ukifika Salerno rudisha gari, siku za mwisho malizia na boti

Mimi na wife tumemaliza juzi safari ya gari pwani ya Italia na hili ndo limetuokoa: siku mbili za mwisho usiingie na gari kwenye miji ya Amalfi wala Positano, lirudishe mji wa jirani wa Salerno kisha panda boti pale Piazza della Concordia, karibu kabisa na stesheni ya treni. Barabara ya SS163, ile ya pwani inayopita Amalfi na Positano, ni nyembamba mno, basi likija kwenye kona mmoja lazima arudi rivasi, na ukifika parking ni bei na haipatikani, tena msimu wa watu wengi kuna siku magari yanaruhusiwa kwa zamu kwa namba ya plate, shufwa na witiri. Boti mpaka Amalfi ni kama dakika 35, Positano kama saa moja na kidogo. Wakati wa kwenda kaa upande wa kulia, mkipita mji wa Vietri unaliona kuba la kanisa lenye vigae vya rangi, na dereva wa gari nae anatazama kwa mara ya kwanza, wife alishika simu njia nzima hakuuliza ramani hata mara moja.

Inagoma lini? Bahari ikichafuka boti hazitoki unabaki na basi kwenye foleni ileile, na winter hakuna kabisa, kwahiyo kama ndege yako ni kesho lala Salerno usilale Positano. Pia ofisi nyingi za kukodisha gari Jumapili zinafunga, ulizia mapema.